Paul Robeson: Sheria, Mpira na Safari za Nyumbani



Mwezi uliopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa mtaa wetu alinisimamisha pale chini ya mwembe. Mwanawe anasomea sheria chuo kikuu, yuko mwaka wa pili, naye ni kijana niliyemfundisha mwenyewe kusoma na kuandika. Anachezea timu ya mpira ya chuo, marafiki anao wengi, na kila apatapo nauli hupanda basi kuja kumwona bibi yake aliye mgonjwa. Matokeo yake ya muhula uliopita hayakuwa mazuri. Basi mama yule akaniomba, kwa kuwa mimi ni mwalimu wake wa zamani, nimwandikie kijana barua aache mpira, awapunguze marafiki, na asije nyumbani mpaka amalize masomo.

Niliahidi kuandika. Lakini nilipoketi mezani kalamu ilikataa, maana nilimkumbuka mtu ambaye habari zake tulisimuliwa na mkufunzi wetu wa historia tulipokuwa chuo cha ualimu, nami sikuacha kuzisoma tangu wakati ule. Badala ya barua, Mhariri amenipa nafasi niandike maisha ya mtu huyo hapa, ili mama asome, na mwanawe asome, na kila mmoja aamue mwenyewe.

Paul Leroy Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, Marekani, akiwa kitinda mimba katika nyumba ya mchungaji. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika shamba la bwana mmoja huko North Carolina. Mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka kama 15, alitoroka akaenda kaskazini. Alifanya kazi za kibarua, akajisomesha, hata akahitimu katika Lincoln University, chuo cha watu weusi kilichoko Pennsylvania. Kisha kwa miaka zaidi ya 20 akawa mchungaji wa kanisa la Presbiteri la watu weusi katika mtaa wa Witherspoon, pale Princeton.

Mwaka 1901 wakubwa wa kanisa walimwondoa katika kazi ile. Mzee hakulalamika mbele ya watoto. Alipata farasi na gari la kukokotwa, akawa anazoa majivu katika nyumba za watu. Fikiri, msomaji: mtu aliyesoma Kigiriki na Kilatini, aliyehubiri miaka yote ile, sasa anapita mitaa ile ile akizoa majivu ya watu waliomsikia akihubiri. Na msiba haukuja peke yake. Mama yake Paul, Maria Louisa, aliyekuwa mwalimu, macho yake yalikuwa yamefifia sana. Mwezi wa Januari 1904 kaa la moto kutoka jikoni liliishika nguo yake, akafa kwa majeraha ya moto. Paul alikuwa hajatimiza miaka 6.

Mzee alianza upya katika Kanisa la AME Zion, ambalo ni la Wamethodisti weusi, kwanza katika mji wa Westfield, halafu mwaka 1910 huko Somerville. Jioni, baada ya chakula, Paul alisimama mbele ya baba yake akasoma masomo yake ya siku, ukurasa kwa ukurasa, na pale alipokosea alirudia. Hotuba za kukariri walizifanyia mazoezi pamoja, neno moja mara nyingi, mpaka mzee aridhike. Mimi niliyefundisha miaka mingi nasema kwamba hapo ndipo ilipotoka ile sauti ambayo dunia nzima iliisikia baadaye.

Mwaka 1915 Paul alifanya mtihani wa kushindania nafasi ya kusoma bila karo, uliokuwa wazi kwa vijana wa jimbo zima, akashinda. Akaingia chuo cha Rutgers katika mji wa New Brunswick, si mbali na Somerville. Alikuwa mtu mweusi wa tatu kuingia chuo kile tangu kianzishwe, na siku zile hapakuwa na mwingine.

Hapa inafaa nieleze mpira wenyewe. Mpira wa Kimarekani si huu wetu. Wao huubeba mkononi na kukimbia nao, na anayetaka kumzuia mwenzake humrukia na kumwangusha chini. Ni mchezo wa miili mikubwa. Paul alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 3, na kwa nguvu hakuna aliyemshinda. Lakini siku ya kwanza ya mazoezi vijana wenzake wazungu hawakutaka awe katika timu yao. Walimwendea kwa pamoja, wakamvunja pua, wakamuumiza bega. Alilala kitandani siku kadhaa. Akiwa katika hali ile ndugu yake mmoja alikuja kumtazama, akamkumbusha kwamba baba yao asingependa kusikia kuwa nyumbani kwake yumo mtu wa kukata tamaa. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kumfundisha kuwa uwanjani na darasani hayuko kwa ajili yake peke yake, bali yuko badala ya vijana weusi wengi ambao wangetaka kuwa pale.

Paul alirudi uwanjani. Mchezaji mmoja akamkanyaga mkono kwa viatu vya njumu hata kucha zikang'oka. Ndipo hasira zilipompanda. Mpira ulipoanza tena alimkamata aliyekuwa na mpira, akamwinua juu ya kichwa, tayari kumbwaga chini kwa nguvu zake zote. Mwalimu wa timu, Foster Sanford, alipiga kelele haraka akamwambia kwamba amekwisha kuingia katika timu. Mtu yule akashushwa salama.

Mwaka 1916 chuo kimoja kutoka Virginia kilikataa kucheza ikiwa mtu mweusi atakuwamo uwanjani, na chuo chake Paul kikakubali kumweka nje. Alikaa akatazama. Mwaka uliofuata timu nyingine ilipoomba vile vile, mwalimu Sanford alikataa. Mwaka 1917, na tena mwaka 1918, Walter Camp, ambaye uteuzi wake wa wachezaji bora wa vyuo vya Marekani uliheshimiwa kuliko wa mtu yeyote, alimweka Paul katika orodha yake. Nje ya mpira huo alicheza pia mpira wa kikapu, besiboli, na michezo ya riadha.

Pamoja na hayo yote aliongoza darasani. Aliimba katika kwaya ya wanafunzi, ila kwaya iliposafiri yeye aliachwa. Dansi za chuo hazikuwa zake. Kwa hiyo marafiki aliwatafuta katika miji ya jirani, katika nyumba za watu weusi na makanisani mwao, na Somerville alirudi mara kwa mara kwa mzee wake. Mzee naye alikuwa amechoka sasa. Alifariki tarehe 17 Mei 1918. Kabla ya kufa alikuwa amemtaka Paul asiache kushiriki katika shindano la hotuba la chuo. Siku chache tu baada ya mazishi Paul alisimama mbele ya watu akatoa hotuba yake, akashinda.

Mwaka 1919 alihitimu, naye ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba siku ya mahafali. Kitu kimoja katika mwaka ule ningependa msomaji akishike. Insha yake ya mwisho ilihusu Marekebisho ya Kumi na Nne ya Katiba ya Marekani, yale yanayoahidi kila raia ulinzi sawa wa sheria. Kijana wa miaka 21 aliyaita jitu lililolala usingizi. Tena alisema hayo miaka 35 kabla ya mwaka 1954, mwaka ambao Mahakama Kuu ya nchi ile iliyatumia kukataza shule za ubaguzi. Kwa hiyo alipoamua kusoma sheria halikuwa jambo la kubahatisha.

Akahamia Harlem, mtaa wa watu weusi katika jiji la New York. Alianza sheria katika New York University, na mapema mwaka 1920 akahamia Columbia, chuo kikuu ambacho ungeweza kutoka kwenda Harlem kwa miguu. Baba hayupo, fedha hakuna. Hapa ndipo hadithi yetu inapofanana na ya kijana wa mtaa wetu, tena kwa kijana wetu ni nyepesi zaidi, maana yeye hucheza kwa kupenda tu. Robeson alicheza ili alipe karo.

Kwanza alikwenda Lincoln, chuo kile kile alichosoma baba yake, akawa msaidizi wa mwalimu wa mpira. Mwalimu mwenyewe alikuwa Fritz Pollard, mchezaji mweusi mwenye sifa kubwa, mfupi wa kimo na mwepesi kama swala. Nimetafakari sana safari zile za Lincoln. Nyumba ya baba ilikuwa imekwisha, kaka zake na dada yake wametawanyika kila mtu na kazi yake. Lakini pale Lincoln palikuwa na majengo ambayo baba yake alipita akiwa kijana aliyetoka utumwani karibuni, na wazee waliolijua jina lake. Kwa mtoto aliyefiwa, pale palikuwa kama kwao.

Pili, aliimba. Rafiki yake Rudolph Fisher, aliyesoma Brown University na baadaye akawa daktari na mwandishi wa riwaya, alipiga piano na Paul akaimba, wakazunguka miji ya mashariki kutafuta fedha za masomo. Pale Harlem alichezea pia mpira wa kikapu katika klabu ya St. Christopher. Nafurahi kulitaja hilo, kwa sababu klabu ile ilikuwa ya vijana wa kanisa la St. Philip, ambalo ni la Kiepiskopali, yaani Waanglikana wenzetu wa Marekani. Mapadre wa kanisa lile waliona ni afadhali vijana wawe na mpira na ukumbi chini ya macho ya kanisa kuliko wazurure. Halmashauri yetu ya mtaa na isome mstari huo mara mbili.

Tatu, akawa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1921 Pollard alimwita katika timu ya Akron, mji wa viwanda vya matairi katika jimbo la Ohio. Kutoka New York mpaka Akron siku zile ilikuwa safari ya gari la moshi ya usiku mzima. Vijana wa siku hizi husema wamechoka kwa kutoka bwenini kwenda maktaba! Robeson alihudhuria darasa la mikataba na la mashauri ya madai katikati ya juma, kisha akapanda gari la moshi, akacheza, akapanda tena kurudi, vitabu mfukoni na mwili umejaa michubuko. Akron yenyewe haikuwa mahali pa kupumzika. Hoteli na mikahawa mingi ilikataa watu weusi, na Pollard, aliyekuwa mchezaji na pia mwalimu wa timu, kwa muda alilazimika kuvalia nguo za mchezo katika duka la sigara la mwenye timu, si pamoja na wenzake.

Jambo jingine sitalificha kwa sababu gazeti hili ni la kanisa. Mechi zile za kulipwa zilichezwa siku za Jumapili. Mwana wa mchungaji, aliyekua akisikiliza mahubiri ya baba yake kila Jumapili, sasa Jumapili yumo uwanjani akipigana vikumbo. Mzee angesema nini, siwezi kujua, na wala sitaki kumsemea marehemu.

Mwezi wa Agosti 1921 alimwoa Eslanda Goode, msichana mwenye akili kali sana aliyefanya kazi katika maabara ya hospitali moja ya New York. Bibi huyu aliona jambo ambalo mumewe hakuliona. Paul alitaka kuwa mwanasheria, mkewe akaona kwamba huyu ni mtu wa jukwaani. Hata kabla ya ndoa, mwaka 1920, Paul alikuwa ameigiza katika mchezo mmoja mdogo kwenye jumba la chama cha wanawake Wakristo, YWCA, pale Harlem. Aliigiza kama Simoni Mkirene, yule aliyeshurutishwa kuuchukua msalaba wa Bwana wetu. Yeye mwenyewe aliuona kama mzaha wa jioni moja, kisha akarudi kwenye vitabu vyake vya sheria.

Mwaka 1922 ndio uliokuwa mzito kuliko yote. Katika majira ya kuchipua aliacha masomo kwa muda ili aigize mchezo ulioitwa Taboo. Kiangazi akavuka bahari na kampuni ya mchezo ule, akaigiza katika miji kadhaa ya Uingereza. Huku nyuma Eslanda aliugua, ikabidi apasuliwe. Alijua mumewe akisikia ataacha kazi arudi, na fedha za karo zitapotea. Basi akaziandika barua nyingi mapema, kila moja na tarehe yake, zenye habari za kawaida tu, akawaachia marafiki wazitie posta moja moja wakati yeye yuko kitandani hospitalini. Paul alizipokea akaamini mambo yote ni mazuri. Alipokuja kuujua ukweli alirudi haraka. Wanaohesabu gharama za masomo ya Robeson huhesabu mechi na nyimbo. Mimi huzihesabu na barua zile.

Alirudi Columbia, na papo hapo akajiunga na timu ya Milwaukee, mji ulio mbali zaidi hata kuliko Akron, kando ya Ziwa Michigan. Tarehe 19 Novemba 1922, Jumapili, timu yake ilicheza na Oorang Indians, timu ya Wahindi Wekundu watupu iliyoongozwa na Jim Thorpe, aliyekuwa mshindi wa Olimpiki ya mwaka 1912. Katika mchezo ule mtu akiufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa wapinzani timu yake hupata pointi 6, na teke linalofuata likipita sawasawa huongeza 1. Milwaukee walishinda 13 kwa 0, na mara zote mbili aliyeufikisha mpira ng'ambo alikuwa Robeson. Baada ya msimu ule aliacha mpira kabisa. Mabwana wa ligi nao, kuanzia mwaka 1934, walifunga mlango kwa wachezaji weusi wote, na hawakuufungua tena mpaka mwaka 1946.

Mwaka 1923 alipata shahada yake ya sheria. Hakuwa wa kwanza darasani kama alivyokuwa Rutgers, tena mbali na hapo. Mwenye haki na aseme kweli: huwezi kulala ndani ya gari la moshi miezi mitatu, ukaigiza, ukaimba, ukaoa, halafu ukawashinda wenzako waliokaa maktaba. Alifaulu, na shahada ile ilikuwa halali yake.

Akapata kazi katika ofisi ya mwanasheria mmoja mzungu, naye alikuwa amesoma Rutgers. Robeson alikuwa mweusi pekee mle ndani. Siku moja alimwita karani amwandikie maneno kwa hatimkato. Karani, mwanamke wa kizungu, alikataa kuandika maneno yanayotoka kinywani mwa mtu mweusi. Robeson alikwenda kwa mkuu wa ofisi. Mkuu yule alimwambia bila kumficha kwamba wateja matajiri hawatakubali atetee kesi zao mahakamani, akamwambia pia kuwa yuko tayari kumfungulia tawi Harlem. Robeson alifikiri, akashukuru, akachukua kofia yake akaondoka. Hakufanya tena kazi ya sheria maisha yake yote.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi, nami nitayapita upesi. Mwaka 1924 aliigiza michezo ya Eugene O'Neill. Mwezi wa Aprili 1925, pamoja na mpiga piano Lawrence Brown, aliimba katika New York onyesho zima la nyimbo za kiroho za watumwa, nyimbo zile zile zilizoimbwa kanisani kwa baba yake. Mwaka 1930 aliigiza Othello huko London, na mwaka 1943 akaigiza mchezo huo huo New York mara 296 mfululizo.

Katika miaka ya 1930 aliishi London, na huko alijifunza lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo, katika chuo cha lugha za mashariki. Alijuana na wanafunzi na wanasiasa kutoka Afrika. Katika filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935 Robeson alikuwa mchezaji mkuu, na miongoni mwa Waafrika waliopewa sehemu ndogo alikuwamo Jomo Kenyatta, ambaye siku zile alikuwa mwanafunzi London. Filamu ilipotoka Robeson aliona imegeuzwa kuwa ya kuwasifu watawala wa kikoloni, akaijutia. Mwaka 1936 Eslanda alisafiri na mtoto wao mdogo mpaka Afrika Kusini na Uganda, akaandika kitabu cha safari ile.

Aliporudi Marekani alisema wazi juu ya ubaguzi na kuhusu watu weusi waliokuwa wakiuawa na makundi ya watu bila kesi. Aliisifu pia Urusi ya Kisovieti, kwa sababu huko, asema, alitendewa kama mtu. Katika hilo la Urusi naona alifumba macho mahali ambapo mwanasheria angepaswa kuyafungua, maana chini ya Stalin watu wengi waliangamia bila haki, wakiwemo watu aliowafahamu. Lakini adhabu aliyopewa nyumbani haikuwa ya haki. Mwaka 1950 serikali yake ilimnyang'anya pasipoti. Kumbi zikafungwa kwake, mapato yake yakaanguka kabisa. Kuna hata kitabu cha kumbukumbu za mpira wa vyuo kilichotoka wakati ule bila jina lake, kana kwamba mtu yule hakupata kucheza.

Ni katika miaka ile ndipo alipokwenda kukaa nyumbani kwa kaka yake Benjamin. Ben alikuwa mchungaji wa kanisa la Mother AME Zion pale Harlem, na nyumba ya mchungaji ilikuwa na chumba kwa ajili ya mdogo wake. Marafiki wa jukwaani walikuwa wengi alipokuwa juu, na wengi walipotea. Kaka hakupotea. Akiwa na miaka hamsini na kitu, mtu aliyewahi kuimbia maelfu aliimba tena katika kanisa la nyumbani.

Na sheria je? Sheria nayo ilimrudia kwa njia ya ajabu. Mwezi wa Juni 1958 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji watano kwa wanne, katika shauri la mchoraji aitwaye Rockwell Kent, kwamba Waziri hana mamlaka ya kumnyima raia pasipoti kwa sababu ya mawazo yake. Robeson alipata pasipoti yake kwa uamuzi huo. Jaji aliyeandika hukumu alikuwa William O. Douglas. Bwana Douglas alianza kusoma sheria Columbia mwaka 1922, katika majira yale yale Robeson alipokuwa anamaliza, akitoka darasani kwenda kupanda gari la moshi la Milwaukee.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo Robeson aliimba London, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, wakati wa Sala ya Jioni ya Jumapili. Kanisa lilijaa, na wengine maelfu walisimama nje. Sadaka ya siku ile ilikwenda kusaidia utetezi wa watu walioshtakiwa kwa uhaini huko Afrika Kusini, Nelson Mandela akiwa mmoja wao.

Afya yake ilivunjika katika miaka ya 1960. Ben alifariki mwaka 1963, na Eslanda mwaka 1965. Dada yake Marian, aliyekuwa mwalimu, alimchukua nyumbani kwake Philadelphia akamtunza, na huko ndiko alikofia, tarehe 23 Januari 1976. Ibada ya mazishi ilifanyika Harlem, katika kanisa lile lile alilolichunga kaka yake.

Haya yote nilimsimulia yule mama jioni moja kabla ya kuyaandika, tukiwa barazani kwake, na bibi mgonjwa akisikiliza kutoka ndani. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama huyo Robeson, baada ya taabu zote zile, aliufanya mtihani wa uwakili. Ikabidi nimwambie kweli kwamba hakuufanya. Akanyamaza kidogo. Bibi akauliza kutoka ndani kijana anakuja lini, na mama akamjibu kuwa ni Ijumaa, kama nauli itapatikana.